Mwanangu haamki Alfajiri, na baba yake simwambii

*Shangazi, assalaam alaykum.*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Unguja, Mkoa wa Mjini Magharibi. Jina langu na mtaa wangu naomba uviache, kwa sababu mume wangu anajulikana sokoni.*

*Mwanangu mkubwa ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu. Alipokuwa mdogo alikuwa akiamka na adhana, anamwahi baba yake mlangoni na kofia yake kichwani. Tangu abaleghe mambo yamebadilika. Namwamsha Alfajiri kwa kumwita, kumtikisa, kumvuta shuka. Anakaa kitako kitandani, ananiitikia vizuri kabisa, "Naam mama, nimeamka," na macho yamefumba. Nikenda jikoni kuteleka chai, nikirudi keshalala tena. Nikimuuliza baadaye hakumbuki kwamba niliingia chumbani.*

*Skuli yuko mkondo wa asubuhi, na mwalimu wake wa hesabu amenipigia simu kuniambia kwamba kipindi cha kwanza analala juu ya dawati. Akirudi mchana anakula, anajitupa kitandani mpaka karibu na Magharibi, na siku hizo chuoni haendi. Isha ana tuisheni. Usiku sasa ndipo anapochangamka. Saa tano, saa sita, namsikia anageuka, anatoka kunywa maji, simu inamulika ukutani. Jumamosi na Jumapili ukimwacha anafika Adhuhuri.*

*Mume wangu anafanya biashara ya samaki. Tangu anioe anaamka saa tisa na nusu za usiku bila ya kengele wala mtu, anakwenda mnadani, na Alfajiri anasali huko huko. Yeye anasema kuamka ni nia, na anayemuogopa Mungu haamshwi mara mbili. Kila siku kukishapambazuka hunipigia: "Kijana kasali?" Namjibu kasali. Siku nyingine ni kweli. Siku nyingi, Shangazi, si kweli.*

*Ijumaa haendi sokoni, ndiyo siku ninayoiogopa. Mwezi uliopita, Ijumaa, aliingia chumbani kwa mtoto na kata ya maji ya mtungi akammwagia usoni. Mtoto aliruka akamsukuma baba yake mpaka akagonga kabati. Wallahi nilikuwapo, alikuwa bado yumo usingizini, lakini kilichotokea kimetokea. Tangu siku ile hawasemi ila salamu.*

*Mama mkwe anasema mtoto ana jini la kumziba, apelekwe kwa mtu. Jirani kanambia nimwangalie vizuri, vijana siku hizi wanatumia unga. Mume wangu keshaamua: mitihani ikimalizika anampeleka Pemba, Tumbe, kwa ami yake ambaye ni mvuvi wa dagaa, atanyooka. Na kinachomuudhi zaidi ni Ramadhani. "Mbona Ramadhani daku analiwahi na Alfajiri anasali jamaa?" Hapo na mimi hukosa la kujibu.*

*Je, huyu mtoto ni mvivu, ni mgonjwa, au nimemlea vibaya? Nikubali aende Pemba? Na huu uongo wangu nifanye nao nini?*

*Mama aliye katikati, Mjini Magharibi*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku nikaisoma tena asubuhi. Umeuliza kuhusu usingizi wa mtoto, lakini naona mzigo unaokuelemea ni ule uliouweka mwishoni kabisa, kwa sentensi moja. Tutaufikia. Kwanza niruhusu nikae na huyu kijana, kwa sababu nyumbani kwako kila mtu keshamtolea jina: mvivu, mwenye jini, mla unga. Sijaona katika barua aliyemuuliza mwenyewe usingizi unamjia saa ngapi.

Unaujua mmea wa kifauongo, ule watoto wanaougusa ukafumba majani. Usiku pia hujifumba wenyewe bila ya kuguswa, na asubuhi hujifunua. Mwaka 1729 mtaalamu mmoja wa nyota wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alichukua mmea wa jamii hiyo akauweka gizani mchana na usiku. Majani yaliendelea kujifunua na kujifumba kwa zamu zile zile, na jua halikuwapo. Kumbe mmea una saa yake ndani. Wanadamu nao wanayo. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonesha, kupitia vinzi vidogo vya matunda, jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli.

Kwetu sisi, msimamizi wake ni kifungu kidogo cha seli kama 20,000 kilichomo ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana. Hicho ndicho kinachopanga lini mwili upoe na lini upate joto, lini homoni ya usingizi, melatonini, ianze kumwagika, na lini homoni ya kutuamsha ipande karibu na alfajiri. Saa hii kwa watu wengi huzidi kidogo masaa 24, kwa hiyo kila siku inataka kurekebishwa. Kinachoirekebisha zaidi ya kitu chochote ni mwanga unaoingia machoni: wa asubuhi huivuta mbele, wa usiku huirudisha nyuma.

Sasa sikiliza hili la miaka 16. Mtoto akibaleghe, saa yake ya ndani husogea nyuma. Melatonini iliyokuwa ikianza kutoka mapema jioni sasa inachelewa kwa saa moja, hata mbili. Jambo hili limeonekana kwa vijana wa nchi mbalimbali, wenye simu na wasio na simu. Linaendelea mpaka karibu na miaka 20, kisha saa huanza kurudi mbele taratibu, na mtu akishapindukia hamsini mara nyingi hujikuta macho kabla ya jogoo. Hujaniambia umri wa mume wako, lakini umenambia anaamka saa tisa na nusu bila ya kengele. Nia anayo, sina shaka, na riziki ya nyumba inatokana na nia hiyo. Ila pamoja na nia ana mwili unaomsaidia, uliozoea saa hiyo miaka na miaka. Anampima mwanawe kwa mwili wake yeye. Pengine hata yeye alipokuwa na miaka 16 alikuwa akimwagiwa maji. Mama mkwe yuko hapo hapo, muulize siku moja mkiwa mmekaa vizuri.

Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa nane hadi kumi kwa siku. Wako, kwa maelezo yako, anashikwa na usingizi saa sita na kitu, na saa kumi na moja unamtikisa. Hata saa tano hazijatimia. Wakati ule mwili wake uko kwenye ubaridi wake mkubwa na usingizi umekolea. Ndiyo maana anakuitikia "naam mama" kisha asikumbuke. Sehemu ya ubongo imeamka ikajibu, iliyobaki imelala. Mtu akikurupushwa kutoka usingizi wa namna hiyo anaweza kusema, kutembea, hata kurusha mikono, naye hajui alipo. Ulichokishuhudia Ijumaa ile kinafanana na hicho. Samahani kwa baba yake bado inampasa kuomba, na nadhani anaitaka lakini hajui pa kuanzia. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya mtoto aliyemsukuma mzazi na mtoto aliyeshtuka gizani, na mume wako ana haki ya kuijua tofauti hiyo.

Nije kwenye Ramadhani, kwa sababu hapo ndipo mnapoona ushahidi wa hila. Hebu likumbuke vizuri. Ramadhani kijana huyu analala saa ngapi? Anatoka tarawehe, anakaa barazani na wenzake, wanacheza karata, wanakula, mpaka daku. Ile Alfajiri anayosali jamaa hajaamka kuisali, bado hajalala. Kisha analala asubuhi, na skuli mara nyingi ratiba huwa nyepesi. Kwa hiyo mwezi ule mji mzima unahamia kwenye saa yake, na yeye anaonekana mtoto mwema. Naomba mlitazame jambo hili nyote wawili, maana linaonesha kwamba sala anaipenda, kinachomshinda ni kukatiza usingizi.

Hata hivyo sitaki uifunge barua hii ukasema "Shangazi kasema ni umri, tumwache." Saa ya mwili inasogezwa, na nyumbani kwenu naona mambo kadhaa yanayozidi kuirudisha nyuma. Simu ni moja, nayo umeitaja mwenyewe. Mwanga wake karibu na macho usiku huuambia ubongo kwamba bado mchana, na yale yaliyomo ndani yake yanauamsha moyo zaidi ya mwanga wenyewe. Usingizi wa kutoka mchana mpaka Magharibi ni jambo la pili, na naliona zito. Kailula ya nusu saa baada ya Adhuhuri ni neema, wazee wetu waliifanya na mwili unaitaka, lakini akilala masaa matatu mchana, usiku atalala na nini? Kuamka Adhuhuri Jumamosi na Jumapili kunamrudisha nyuma tena, halafu Jumatatu anaanza upya. Tuisheni baada ya Isha nayo iulizeni kama haina wakati mwingine. Na chumba chake, je, kina dirisha linaloingiza jua? Nyumba nyingi za mjini dirisha linatazama uchochoro, na mtoto anatoka gizani kuingia darasani bila ya kuliona jua. Kwetu Zanzibar jua halina ubahili, tofauti ya siku ndefu na fupi katika mwaka mzima haifiki saa moja. Nusu saa ya kuwa nje asubuhi, hata kama ni kwenda skuli kwa miguu, huifanyia saa hiyo kazi kubwa.

Wewe unakumbuka umeme ulipokatika Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Ilikuwa dhiki, maji tabu, biashara zilikufa, sitamani irudi. Lakini mtaani kwetu kwa wasio na jenereta, saa tatu kila mtu ameshalala, na vijana pia. Mwaka 2013 watafiti wa Colorado, Marekani, wakiongozwa na Kenneth Wright, walichapisha matokeo ya watu waliokaa kambini milimani wiki moja bila ya taa za umeme wala simu, na saa zao za ndani zikasogea mbele kama saa mbili.

Kwa hiyo mume wako anaposema Pemba itamnyoosha, hajapotea kabisa. Shamba ambako Isha ikishapita kuna giza na utulivu kunaweza kumsaidia kweli. Ninachouliza ni hiki: ami yake ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza la mwezi, kwa mataa makali juu ya maji, na chombo kinarudi asubuhi. Mtoto ambaye saa yake imeshachelewa akiwekwa mbele ya taa hizo usiku kucha, ataamka vipi Alfajiri siku ambazo hawaendi baharini? Na Kidato cha Tatu kwenda cha Nne si wakati mwepesi wa kuhamishwa skuli. Likizo ya wiki mbili tatu kwa ami, akiwa mgeni wa nyumbani na si baharia, ni jambo jengine. Kuna hatari ya aina nyingine pia. Akipelekwa wakati bado hawasemi na baba yake, ataona amefukuzwa. Akipelekwa wakishapatana, ataona amealikwa. Safari ni ile ile.

Kuhusu mama mkwe, kumsomea mtoto Kurani ni kheri, hakuna wa kukataa, na mnaweza kumsomea nyumbani nyinyi wenyewe. Ninachokiogopa ni kumpeleka kwa mtu atakayechukua pesa na kumwambia kijana wa miaka 16 kwamba ndani yake mna kitu kibaya. Ataliamini, na litamkaa miaka mingi baada ya usingizi kujirekebisha.

Jirani usimpuuze na usimwamini papo hapo. Unga upo visiwani kwetu, sote tunajua familia zilizoumia. Lakini mlevi wa unga huacha alama nyingine: vitu kupotea nyumbani, marafiki kubadilika ghafla, uongo juu ya pesa, kukonda, kutojijali mwili wake. Katika barua yako sikuziona. Nilichotamani kukijua hukukitaja. Bado anacheza mpira? Bado anacheka na wadogo zake? Kukosa usingizi kwa muda mrefu humtia kijana hasira na huzuni, na huzuni nayo huharibu usingizi, hata hujui kilichotangulia. Ukiona ameacha vyote alivyokuwa akivipenda, anajitenga, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, usingoje mitihani wala Ijumaa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama anakoroma sana na pumzi kama inakatika usiku, au anachoka hata akilala vya kutosha. Daktari ataangalia damu na mengineyo, maana upungufu wa damu nao huchosha.

Kwenye sala mimi si sheikh. Nenda na mume wako kwa imamu mnayemwamini, mumuulize hukumu ya mtu aliyezidiwa na usingizi pasipo kukusudia, na mzazi anapaswa kuamsha kwa njia gani. Nadhani mtatoka na moyo mwepesi kuliko mlioingia nao. Dini imefikiria usiku wetu vizuri sana. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuchukia mazungumzo baada yake, na hapo nataka kumgeukia baba: Alfajiri ya mtoto huanza kulindwa Isha. Yeye anarudi sokoni mchana, jioni yuko nyumbani. Akiwa ni yeye anayesema, "Mwanangu, twende tukasali Isha, tukirudi simu zetu zote mbili zilale ukumbini," huenda akapata asubuhi asichokipata kwa kata ya maji. Zote mbili nimesema, ya kwake pia.

Sasa uongo wako. Sikulaumu, ulikuwa unazuia vita. Lakini angalia ulichofanya bila ya kukusudia: mume wako anadhani mtoto anashindwa Ijumaa tu, siku anayokuwapo yeye, basi anaona ni jeuri dhidi yake. Angejua kwamba inatokea karibu kila siku, pengine angeona ni shida badala ya dharau. Pengine pia angekasirika mara mbili, kwa mtoto na kwako. Siwezi kukuahidi lipi litatokea, wewe ndiye unayemjua. Unaweza kumwambia yote kwa siku moja. Unaweza kuanza kwa kuacha tu kusema "kasali" na badala yake kusema "leo imemshinda," umsikie anavyopokea. Unaweza kumtanguliza mtoto akaombe radhi ya kile kisukumo kwanza, ili habari yako isiangukie juu ya jeraha bichi, na njia hii ina ubaya wake kwamba mtoto atadhani anaomba radhi ya kosa lako pia. Zungumza naye kwanza ajue unachotaka kumwambia baba yake, maana siri hii ni yenu wawili.

Na saa ya kuyasema uichague. Mtu aliyeamka saa tisa na nusu, baada ya Isha kesha kwisha kabisa, maneno yote humuuma. Mtoto naye Alfajiri hana akili yake. Nakisia ugomvi wenu mwingi hutokea katika saa mbili hizo. Alasiri, akishapumzika kidogo na kahawa yake iko mbele yake, mume wako ni mtu mwingine, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Niandikie ukishaongea naye, hata kama mambo hayakwenda ulivyotaka, na unijibu lile la mpira.